Jicho na Kijicho

Niseme mapema tusije tukasumbuana: nilimwonea wifi yangu wivu kwa miaka ishirini na mitatu, na haukuwa ule wivu mdogo wa kutazamana viatu. Ulikuwa wivu wa kukaa na mtu chumba kimoja, dirisha moja, birika moja la chai, na kujua kwa mlio wa kiti chake kama kazi ya leo imemnyookea. Sasa Mkuu wa Idara ameniomba niandike habari za maisha yake kwa ajili ya kijitabu cha idara. Nilikataa mara mbili. Akasema hakuna anayemjua kuliko mimi, na hapo hakukosea. Ya kijitabu nimekwisha kuyaandika, kurasa mbili, tarehe na vyeo. Haya ni yale yaliyobaki.

Kazi yake ni kuhesabu mashimo. Mashimo ya Mwezi, mashimo ya Mirihi, yale yanayochimbwa na mawe yanayoanguka kutoka angani. Vitabu vinayaita kreta. Sisi tunayaita mashimo tu. Ukitaka kujua uso wa sayari una umri gani na huwezi kwenda kuuliza, unahesabu makovu yake. Penye mashimo mengi ni pazee, penye mashimo machache ni papya, kama sufuria inavyojieleza yenyewe kwa mabonyeo yake. Watu wakisikia tunalipwa kwa hilo hucheka, na mimi mwenyewe huwa nacheka nao, kisha narudi kuhesabu.

Tulianza siku moja, tukiwa wasaidizi wa utafiti katika chumba cha ramani, ghorofa ya chini ya Idara ya Jiolojia. Palikuwa na meza ndefu, taa mbili za kukunja shingo, makabati ya chuma yenye droo pana, na picha zilizopigwa na vyombo vya angani, zimechapwa kwenye karatasi kubwa. Bosi wetu alikuwa Profesa, mzee mwenye kikohozi cha makusudi. Alikuwa anakohoa kwanza ndipo anasema jambo zito. Siku ile ya kwanza alikohoa, akatupa kila mmoja penseli nyekundu, akasema maneno mawili: jua kwanza.

Maana yake ni hii. Jicho la binadamu limezoea mwanga utoke juu. Chukua picha ya nyayo mchangani, igeuze juu chini, utaona nyayo zimevimba kama mikate. Ndivyo ilivyo kwa picha za sayari. Kama jua lilikuwa upande wa chini wa picha wewe ukadhani lilikuwa juu, shimo litakusimamia kama kilima na utaapa kwamba ni kilima. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote unafungua daftari la picha, unatazama siku ile jua lilitokea upande gani, unachora mshale mwekundu pembeni mwa karatasi. Kazi ya nusu dakika. Profesa alisema amewahi kuona watu wenye shahada tatu wakiporomoka kwa kukosa nusu dakika.

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwetu. Yeye alikuwa wa kumi na moja, nilihesabu. Nilitegemea, basi, kwamba nitakuwa nikimwelekeza. Mwezi wa pili Profesa alipita nyuma yetu, akasimama nyuma ya kiti chake muda mrefu, akakohoa. Akasema, huyu binti ana jicho. Akaenda zake. Jicho! Mimi nilikuwa na mawili, tena bila miwani.

Kuanzia hapo nikawa namwita Jicho, kwa utani, na jina likamganda. Yeye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka polepole, wa kuhesabu polepole, wa kurudia karatasi moja mara tatu wakati mimi nimemaliza nne. Akikosea alisema nimekosea, kwa sauti ileile ambayo wengine huombea chumvi mezani. Mimi nikikosea huwa nasema taa ilikuwa mbaya.

Na miwani alipata, na hapo nilijitakia mwenyewe. Kaka yangu ni fundi miwani. Jicho alipoanza kulalamika kichwa kinamuuma kwa kuinamia picha, nikampeleka dukani kwa kaka nikidhani nafanya wema mdogo usio na gharama. Kaka alimpima macho. Akampima tena wiki iliyofuata, kisha akampigia simu kuulizia kama fremu haimbani. Mtu gani anapimwa macho mara tano kwa miwani moja? Mwaka haukuisha, mfanyakazi mwenzangu akawa wifi yangu, na Jumapili nilizokuwa napumzika nisimwone nikawa namkuta kwa mama, kajifunga kanga, anamenya viazi, mama anamwita mwanangu. Mimi mama huniita wewe.

Haya, nikapiga moyo konde. Kama nyumbani amenishinda, ofisini hanipati. Nikaingia kwenye shahada ya udaktari, nikachagua uwanda mmoja wa kaskazini mwa Mirihi ambao haukuwa umeguswa na mtu. Karatasi tisa. Zile sita za kwanza jua lilikuwa juu kushoto, nikachora mishale yangu kwa adabu. Nilipofika ya saba nilikuwa na haraka, kwa sababu Jicho naye alikuwa karibu kumaliza yake. Jua lilikuwa limetokea upande uleule mara sita. Nilipigie hodi tena ya nini? Nikachora mishale mitatu kwa mpigo, nikaendelea.

Karatasi ya saba ndiyo iliyonipa jina. Humo niliona vilima arobaini na kimoja, vimejipanga vizuri, vya mviringo, na nikaandika kwamba ni vilima vya tope, kwamba hapo zamani maji ya chini ya ardhi yalisukuma udongo juu. Profesa alikuwa mgonjwa mwaka ule na alisoma kwa juujuu. Nikawa daktari miezi saba kabla ya Jicho. Picha ikakuzwa, ikawekewa fremu, ikatundikwa kwenye ukumbi wa idara pamoja na jina langu. Makala ikatoka kwenye jarida. Hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda kuhakiki kona ile. Mirihi ni kubwa na sisi tunaoihesabu ni wachache. Wageni wa idara walionyeshwa vilima vyangu kabla ya kuonyeshwa choo.

Nilimpelekea mama nakala. Mama akaitundika sebuleni, na Jumapili tulipofika nilikuta ameitundika juu chini. Alikuwa anajivuna nayo mbele ya jirani. Akasema, njoo uone mashimo ya mwanangu, yalivyo mazuri. Nikamwambia mama, hivyo ni vilima, umegeuza picha. Akasema yeye anaona mashimo. Nikaitoa msumarini, nikaigeuza, nikamwambia sasa tazama, vilima hivyo, na mbele ya jirani nikaongeza maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake. Jicho alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alikuwa anatazama ile picha, na vikombe vilikuwa vinagongana kidogo.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaketi, alinijia taratibu. Aliniomba nitazame tena mshale wa karatasi ya saba. Alisema labda amekosea yeye. Mimi nilikuwa sijalala kwa furaha ya jina langu ukutani, na nikaona wazi kabisa, kama ninavyoona mkono wangu, kwamba mwanamke huyu ameshachukua kaka, ameshachukua mama, na sasa amekuja kuchukua vilima.

"Wifi," nikamwambia, "hicho ni kijicho."

Alibadilika uso. Mtu anayeitwa Jicho kuambiwa ana kijicho. Nililiona neno lenyewe lilivyonoga mdomoni na nikalirudia wakati wa chai mbele ya wenzetu, na wakacheka. Yeye hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake na hakutaja tena karatasi ya saba kwa miaka kumi na mmoja.

Katika miaka hiyo kumi na mmoja alifanya kazi yake kama mtu anayefagia ua mkubwa, kipande kwa kipande. Alihesabu upande wa mbali wa Mwezi. Alihesabu mabonde makavu ya kusini mwa Mirihi. Aliandika makala fupi ambazo hazikuwa na kilima cha kushangaza hata kimoja, na watu wa mbali wakaanza kumwandikia kumuuliza. Wanafunzi walijaa kwenye masomo yake, kwangu wakaja wale waliochelewa kujiandikisha. Nilikuwa nasoma makala zake kwa siri, nikitafuta kosa, na nikishalikosa nalala na donge. Nilijitia hamnazo nikipongeza. Kitu kimoja tu kilinifariji: ule uwanda wangu hakuugusa. Nikasema anauogopa.

Kisha Profesa akastaafu, na ikabaki nafasi moja ya uprofesa na waombaji wawili wenye dirisha moja. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kama ningeikosa ningestaafu bila kuipata, na hilo tulilijua mimi na wifi yangu na kaka yangu, ambaye wiki zile aliacha kutupigia simu sote wawili. Kamati ikapanga kila mmoja atoe mhadhara wa wazi kuhusu kazi yake moja aliyo na hakika nayo kuliko zote. Mimi Alhamisi asubuhi, yeye Alhamisi mchana. Mimi ningesema nini kama si vilima?

Jumanne Jicho alikwenda kufundisha, akaacha funguo zake kwenye msumari zinapokaa siku zote, maana hajawahi kunificha kitu. Nikafungua kabati lake. Siwezi kupamba hilo. Nilikuwa natafuta kosa lake la kumuuliza mbele ya kamati, hata dogo, hata tarehe. Droo ya kwanza Mwezi. Droo ya pili mabonde. Droo ya chini ilikuwa na bahasha moja ya kaki, na ndani yake nakala ya karatasi yangu ya saba.

Mshale mwekundu ulikuwa chini. Pembeni alikuwa amenakili kutoka kwenye daftari la picha siku, saa na upande wa jua, kwa mwandiko wake wa polepole. Nikaigeuza karatasi juu chini. Vilima vyangu arobaini na kimoja vikazama vyote kwa pamoja. Nikairudisha, vikasimama. Nikaigeuza tena. Nilifanya hivyo mara nyingi, sijui mara ngapi. Chini ya karatasi kulikuwa na makala iliyokamilika, kurasa kumi na nne, ikieleza kwamba uwanda ule ni mzee kuliko ilivyodhaniwa kwa sababu kuna mashimo yaliyohesabiwa kama vilima. Tarehe yake ilikuwa ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Kama angeipeleka jaridani wakati ule, leo pasingekuwa na waombaji wawili.

Sikuirudisha droani. Niliiweka juu ya meza yake, nikaketi nikimsubiri, kwa sababu nilikuwa na hasira. Ndiyo, hasira. Mwizi niliyekamatwa na kabati wazi nilikuwa na hasira na mwenye kabati.

Aliingia na vitabu kifuani, akaona bahasha, akaona na funguo zake mkononi mwangu. Akaweka vitabu chini.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikwambia, wifi."

"Mara moja."

"Mara moja, ukasema nina kijicho." Alivua miwani, ile ya kaka, akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Nikaenda nyumbani nikajipima. Na kweli nilikuwa nacho. Ulikuwa wa kwanza darasani, ulikuwa daktari kabla yangu, jina lako lilikuwa ukutani. Siku ile kwa mama, nilipoona yale ni mashimo, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilifurahi mpaka vikombe vikataka kunimwagika."

Miaka yote hiyo nilidhani wivu ule ni wangu peke yangu, kumbe tulikuwa tunaunywa kwenye birika moja.

Akaniambia aliandika makala yote kwa wiki mbili, akaogopa namna ilivyokuwa tamu kuiandika. Akajiambia ataipeleka siku atakayokuwa na hakika kwamba anaipeleka kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa inanimaliza. Siku hiyo haikufika. Kila mwaka alikuwa anaitoa, anaisoma, anajiona bado anatabasamu, anairudisha. Akasema na hilo lilikuwa kosa, tena kubwa, kwa sababu wanafunzi wetu walikuwa wanafundishwa vilima visivyokuwapo, na yeye alikuwa anapita ukumbini kila asubuhi akitazama pembeni.

"Alhamisi sema utakachotaka," akamaliza. "Mimi sitauliza swali."

Hapo sasa ndipo nilipobanwa. Kama angenitisha ningejua la kufanya. Mimi kupigana najua. Lakini aliniachia. Kamati haikujua kitu. Mhadhara wangu wa vilima niliujua kwa moyo, na picha ilikuwa ukutani ndani ya fremu. Ningeweza kusimama, nikasema, nikashuka nikiwa profesa, na wifi yangu angekuwa wa kwanza kunipigia makofi kwa sababu alishaahidi. Jumatano nzima nilizunguka na wazo hilo. Nililipenda. Nilijaribu hata jina, nikaliandika pembeni ya gazeti: Profesa, halafu mimi. Kisha nikafungua daftari la picha mwenyewe, lile lenyewe, kwa mara ya kwanza kwa karatasi ya saba. Upande wa jua: chini. Limeandikwa kwa wino, mstari mmoja, na mtu yeyote angeweza kulisoma.

Kilichonitoa kwenye wazo hilo si wema, nisijivike kilemba cha ukoka. Ni kwamba nilijua kuanzia siku hiyo nikitazama vilima vile nitaona mashimo. Jicho likishageuka haligeuki tena. Ningekuwa profesa wa kitu ambacho mimi mwenyewe sikioni.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Profesa mzee alikuja na fimbo, akaketi mbele. Kaka alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu anayetaka kutoroka. Nilionyesha karatasi sita za kwanza na mishale yake. Nikafika ya saba. Ilitokea ukutani kubwa, vilima vimesimama, na wanafunzi waliokuwa wamewahi kujibu mtihani juu yake wakatikisa vichwa kukubali, kwa mazoea. Nikasema nataka kuwaonyesha jambo, nikaigeuza picha juu chini, nikasubiri.

Ukumbi ulipiga kite kidogo. Kisha nikasikia kikohozi, kile cha makusudi, kutoka mstari wa mbele.

Niliwaeleza yote. Kwamba sikufungua daftari, kwamba nilichora mishale mitatu kwa mpigo, kwamba nusu dakika ile nimeilipia sasa. Mkuu wa Idara akauliza kosa hilo liligunduliwa lini na nani. Nikasema miaka kumi na mmoja iliyopita, na wifi yangu. Akauliza kwa nini halikusemwa.

"Lilisemwa," nikajibu. "Nikamwambia aliyelisema ana kijicho. Kijicho changu kilikuwa kikubwa zaidi, nacho ndicho kilichonihesabia vilima."

Baadhi walicheka wakidhani ni utani. Jicho alikuwa ameinamisha kichwa. Mchana alitoa mhadhara wake kuhusu mabonde makavu kwa sauti ya chini, bila madoido, na kabla ya kuanza aliwaambia kamati kwamba alikaa na ukweli droani miaka kumi na mmoja na walipime na hilo. Wakalipima. Wiki mbili baadaye wakampa.

Makala ya mashimo ilitoka mwaka huohuo. Jina langu aliliweka mbele ya lake bila kuniuliza, na nilipokwenda kumgombeza akasema zile karatasi tisa nilizichora mimi. Nilirudi kwenye kiti changu roho inaniuma upya, maana hata hapo alikuwa amenitangulia. Fremu ya ukumbini iliondolewa, ukutani pamebaki mraba mweupe, na wageni sasa huonyeshwa choo moja kwa moja.

Jumapili ya kwanza baada ya Jicho kupewa uprofesa nilikwenda kwa mama. Jicho na kaka walikuwa wamefika kabla yangu, kama kawaida yao. Nilipanda kwenye kiti, nikaitoa picha msumarini, nikaigeuza juu chini kama mama alivyokuwa ameitundika siku ile, nikachora mshale mwekundu pembeni, upande wa juu. Nikashuka, nikamwomba mama msamaha kwa maneno yale ya mbele ya jirani. Ilinichukua miaka kumi na mmoja na dakika moja.

Mama alisogea karibu, akaikagua picha akiwa ameshika kiuno.

"Mimi mambo ya huko juu siyajui," akasema. "Niliona mashimo, nikasema mashimo."

Kisha akageukia jikoni, akaita kwa sauti ya kubembeleza, "Profesa wangu, chai vipi?" Wifi yangu akaitika, akatoka na sinia. Roho ilinichoma palepale, mahali pake pa siku zote. Nikaenda nikampokea vikombe.